Usimtafutie Mwanao Kikombe, Mtafutie Timu

Mama yangu alipofariki, mtu wa kwanza kufika nyumbani kwetu Tanga, mbali na ndugu, alikuwa GK. Ana jina lake, lakini tangu darasa la tano mimi namwita GK na yeye ananiita GD, kwa herufi tulizovaa kifuani kwenye timu ya netiboli ya shule ya msingi. Hakuuliza asaidie nini. Alijifunga kanga kiunoni, akapita moja kwa moja uani, akatazama kuni, akatazama mapipa ya maji, akaanza kuosha masufuria. Kufika magharibi tulikuwa wanne wa timu ile ile. Mmoja alikaa na daftari la rambirambi, mwingine akawa mlangoni anapokea wageni na kuwaonyesha pa kukaa, na sikusikia hata mmoja akimwelekeza mwenzake. Nikiwa mkekani niliwatazama, nikakumbuka uwanja wetu wa vumbi: nikipitwa mimi, GK tayari yuko nyuma yangu.

Nimeanza na msiba kwa sababu wazazi wanaponiuliza kama inafaa mtoto acheze, mara nyingi wanachotaka kujua ni habari za kipaji na pesa. Mimi hukumbuka yale masufuria. Nimelea watoto wawili, wa kiume wa mpira wa miguu na wa kike wa netiboli, na kwa miaka kadhaa nimesaidia timu ya watoto ya mtaani kwetu hapa Temeke: kushika daftari la majina, kuchemsha maji ya kunywa, kuwasindikiza kwenye mechi. Ninayokuandikia ni yale niliyoyaona yakifaa, na machache niliyoyakosea.

Kwanza jiulize unamtafutia nini. Mbwana Samatta alikulia Mbagala, si mbali na ninapoishi, akapitia Simba, TP Mazembe ya Lubumbashi, Genk ya Ubelgiji, mpaka Januari 2020 akasajiliwa na Aston Villa ya Uingereza. Kila mzazi wa Dar es Salaam anaijua safari hiyo, na wengi huja uwanjani wakiibeba kichwani. Lakini wako wengi waliocheza mchangani miaka ile ile ambao leo ni mafundi, walimu, madereva, wauguzi. Mwanao ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa mmoja wao. Kwa hiyo pima timu kwa kile itakachomwachia mtoto ambaye hatalipwa hata senti moja kwa kucheza.

Kwa maoni yangu, kinachomwachia mtoto kitu ni kutegemewa. Darasani akikosa jibu amekosa yeye. Nyumbani asipofagia, dada yake atafagia. Lakini mtoto wa miaka kumi ambaye ni beki wa kushoto, siku asipofika, kuna shimo upande wa kushoto na wenzake wote wanaliona. Hapo ndipo anapoanza kufahamu kwamba yeye ni mtu mbele ya watu wengine. Kazi yako kubwa ni kumpeleka mahali pa namna hiyo, kisha kumwacha hapo muda wa kutosha.

Anzia mtaani, kabla ya timu yoyote yenye jezi. Chandimu, mpira wa watoto wa mtaani, haina kocha wala filimbi. Mpira ni soksi kuukuu iliyoshindiliwa matambara na kufungwa kamba. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, watoto wa mtaa wetu walihamia kwenye vipande vya sponji ya magodoro. Magoli ni kandambili. Wanagawana, upande mmoja vifua wazi, na sheria ni "mbili zinatoka": upande uliofungwa mabao mawili unapisha. Kwa kuwa goli halina mwamba wa juu, nusu ya jioni ni ubishi: mpira ulipita juu, haukupita juu. Siku moja, nikiwa barazani nachambua mchele, mwenye mpira alikasirika akauchukua mpira wake, akaanza kuondoka. Kipa wa upande uliofungwa, mdogo kuliko wote, akasema, "Ni goli. Umenipita hapa," akagusa bega. Hakuna aliyempongeza. Mwenye mpira akarudi, mchezo ukaendelea.

Mtu mzima angekuwepo, angeamua yeye, na yule kipa asingepata nafasi ya kusema kweli inayomuumiza. Kwa hiyo usiingilie ubishi wa chandimu isipokuwa umeona damu au jiwe mkononi. Mpe mtoto angalau jioni mbili kwa wiki za kucheza bila msimamizi, saa inayojulikana, mahali unapoweza kupasikia. Na nenda kwenye mikutano ya serikali ya mtaa. Viwanja vya wazi vinamegwa kidogo kidogo, leo banda la chipsi, kesho fremu za maduka, na wazazi huja kulalamika ukuta ukiwa umeshafika kwenye linta.

Ukifika wakati wa timu iliyopangwa, usidharau netiboli, hata kama mwanao ni wa kiume. Wachezaji saba, kila mmoja ana herufi, na kila herufi ina mipaka yake uwanjani. Mwenye mpira haruhusiwi kukimbia nao, na lazima autoe ndani ya sekunde tatu. Wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu, GS na GA. Maana yake binti aliyenyakua mpira chini ya goli lake hawezi, hata awe hodari vipi, kuufikisha upande wa pili peke yake. Kwenye mpira wa miguu mchoyo anaweza kuwalamba chenga watatu akapigiwa makofi. Netiboli imemfungia mlango huo kwa sheria.

Binti yangu aliwahi kununiana na rafiki yake wa karibu kwa jambo la deni la shilingi mia tano. Yeye alikuwa C, mwenzake WA. Akaniambia haendi mazoezini. Nikamwambia: nuna, lakini nenda. Jioni ya kwanza alizungusha mpira pembeni mara tatu akapulizwa filimbi mara tatu, kwa sababu njia iliyo wazi ilikuwa kwa yule asiyesema naye. Jioni ya pili walikuwa wanaitana majina uwanjani, ingawa kurudi nyumbani kila mmoja alishika upande wake wa barabara. Jumamosi niliwakuta wanagawana mihogo ya kukaanga kwenye gazeti moja. Deni sijui liliishaje. Tangu hapo nina kanuni nyumbani: kununa si ruhusa ya kukosa mazoezi.

Kanuni ya pili ni kwamba aliyeanza msimu anaumaliza. Asajiliwe kwa hiari, lakini akishasajiliwa asiache katikati kwa sababu amewekwa benchi siku moja au wamefungwa mabao matano. Akiugua, au kukiwa na safari, yeye mwenyewe ndiye anayemwambia mwalimu wake na nahodha, kwa mdomo wake, hata kama simu ni yako. Mtoto wa miaka tisa anaweza kusema, "Mwalimu, samahani, kesho sitafika." Mfundishe sentensi hiyo.

Sasa namna ya kuchagua timu. Nenda jioni tatu kabla ya kulipa chochote, ukae mbali, uangalie. Anza na benchi. Kama watoto watano wale wale wanakaa pale tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho, na umri wao ni chini ya miaka kumi na mbili, tafuta timu nyingine. Katika umri huo hakuna ushindi wenye thamani ya kumkalisha mtoto msimu mzima. Kisha sikiliza mwalimu anasema nini mtoto anapokosea. Kuna anayesema, "Toa pasi mapema," na kuna anayesema, "Boya wewe." Wa kwanza amemwambia la kufanya, wa pili amemwambia yeye ni nani, na mtoto atamwamini. Halafu baki mpaka mazoezi yaishe uone nani anakusanya mipira. Timu ambayo wakubwa wanawaachia wadogo mzigo wote ni timu ambayo wadogo wanangoja tu zamu yao ya kuonea.

Vifaa visikutishe. Kwa wadogo mpira namba 4 unatosha, namba 5 ni wa wakubwa na huumiza miguu midogo. Maji yawepo, na mazoezi yasianze jua likiwa kali. Ukitaka kumnunulia mwanao njumu, uliza kwanza ni nani kwenye timu hana kabisa. Ukiweza, tafuta jozi ya pili ya mtumba umkabidhi mwalimu bila maneno, agawe yeye. Timu ya watoto huchanganya mtoto wa mwenye duka na mtoto wa muuza maji, na urafiki huo ni wa thamani kubwa, lakini viatu vinaweza kuukata vipande viwili kabla haujashika.

Hapa ndipo nilipokosea mimi. Mwanangu nilimpeleka timu moja kwa sababu ilikuwa na jezi nzuri na basi la kukodi. Kwa miezi miwili hakucheza hata dakika kumi. Kila Jumamosi asubuhi alikuwa na tumbo linalouma, nami nikawa nampa dawa ya minyoo. Aliyenifumbua macho ni jirani, mzee aliyekuwa akitazama mazoezi kila siku, aliyeniambia kwa upole, "Mama, huyu mtoto kazi yake ni kushika makoti." Nilimhamishia timu ya mtaani isiyokuwa na jezi, iliyokuwa inatafuta kipa. Tumbo halikuuma tena. Kama mwanao anaugua kila siku ya mechi, usikimbilie duka la dawa. Nenda ukatazame.

Siku ya mechi, pembeni mwa uwanja, nyamaza. Najua ni ngumu. Mtoto anayesikia mwalimu akisema panda na baba akisema rudi hubaki katikati, kisha mpira unampita. Piga makofi, taja na watoto wengine, hata wa timu pinzani wakicheza vizuri. Usimtukane mwamuzi. Mara nyingi ni kijana wa kujitolea aliyetoka juzi kwenye timu hiyo hiyo.

Njia ya kurudi nyumbani ina uzito kuliko mechi yenyewe. Mpe maji, tembeeni. Mwache aanze yeye. Akinyamaza mpaka mlangoni, nawe nyamaza. Akilia kwa kufungwa, mwache alie, lakini awe ameshawapa mkono waliomfunga. Hilo lisiwe na mjadala. Akianza kuzungumza, acha kuuliza kafunga mangapi. Uliza nani alimpa pasi nzuri leo, na yeye alimsaidia nani. Ukiuliza hivyo kila wiki, utamwona anaanza kuwatazama wenzake uwanjani ili apate la kukuambia.

Kuhusu nidhamu na uongozi, mfano ninaoutaja kila ninapopata nafasi uko Nairobi. Mwaka 1987, katika bonde la Mathare, Mkanada aitwaye Bob Munro alisaidia kuanzisha chama cha michezo cha vijana kinachojulikana kwa kifupi kama MYSA. Watoto walikuwa tayari wanacheza, kwa mipira ya mifuko ya plastiki, katikati ya mitaro iliyojaa taka. Chama kikaweka utaratibu kwamba timu hupata pointi za ligi kwa kusafisha mtaa, juu ya zile za kushinda mechi. Timu inayofunga mabao lakini haitokei na reki na toroli inaweza kupitwa kwenye msimamo na timu ya wastani inayotokea. Vijana wenyewe wakapewa kazi ya kuendesha ligi, kufundisha wadogo na kuchezesha mechi, na waliojitolea vizuri wakasaidiwa karo. Timu ya Mathare United, iliyozaliwa humo mwaka 1994, ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Lakini hata isingetwaa, mtoto wa miaka kumi na mbili aliyewahi kupanga ratiba ya mechi za wenzake na kujibu lawama zao ameshajifunza kazi ambayo watu wazima wengi wanaikwepa.

Kwenye timu yako ndogo unaweza kuiga bila bajeti. Mpendekezee mwalimu kwamba unahodha uzunguke, kila mwezi mtoto mwingine, pamoja na yule mkimya. Mwombe nusu saa ya kwanza ya Jumamosi iwe ya kuokota chupa uwanjani. Na mtoto asiye na miguu myepesi asifukuzwe. Apewe daftari la mabao, kibendera, filimbi ya mazoezi. Nimemwona mmoja aliyekuwa hawezi kupiga mpira mita kumi akiwa mwamuzi anayeheshimiwa mtaa mzima akiwa na miaka kumi na tano.

Wasichana wanahitaji uangalizi wa pekee, kwa sababu wengi huacha michezo wakianza kukua, na huwa hawasemi kwa nini. Ukichunguza utakuta sababu ndogo zinazorekebishika: hakuna choo karibu na uwanja, hana taulo za kike, bukta ni fupi, mazoezi yanaisha giza limeingia, au jioni ndiyo saa ya kupika na kaka yake hapiki. Zungumza na mwalimu kuhusu muda. Nunua suruali ya kubana ya kuvaa ndani ya bukta. Kama anavaa hijabu, kanuni za FIFA zinairuhusu tangu 2014, kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba ni lazima aivue. Na kaka yake ajifunze kupika. Mwaka 2022 timu yetu ya taifa, Serengeti Girls, walikwenda Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 nchini India, wakawafunga Ufaransa mabao mawili kwa moja, wakafika robo fainali. Bila shaka kila mmoja wa mabinti wale alikuwa na mtu nyumbani aliyemruhusu kwenda mazoezini.

Kuna mambo matatu ya kukataa moja kwa moja. La kwanza ni kupunguza umri. Atakuja mtu akuambie mwanao mrefu wa miaka kumi na tano aandikwe kumi na mbili ili "aonekane". Mwaka 2009, kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 lililochezwa Nigeria, FIFA ilianza kupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa MRI, kwa hiyo uongo una mwisho wake. Lakini hata usingegundulika, umemfundisha mtoto kuwanyang'anya nafasi watoto wadogo huku akijua, na wenzake nao wanajua.

La pili ni kupuuza kichwa kilichogongwa. Mtoto aliyegongwa kichwani atoke, na asirudi uwanjani siku hiyo hata akilia kwamba yuko sawa. Akitapika, akiona kizunguzungu au akichanganyikiwa maneno, mpeleke hospitali mara moja.

La tatu ni mtu mzima anayetaka kubaki na mtoto mmoja peke yake, anayempa zawadi za siri, au anayemwambia "mama asijue". Mtoe mtoto siku hiyo hiyo. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, au piga namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Usingoje msimu uishe na usiogope kuvunja timu. Timu inayovunjika kwa sababu hiyo ilistahili kuvunjika.

Linabaki suala la mitihani. Kila mwaka, darasa la saba linapoanza, daftari langu hupungua majina. Naelewa hofu ya wazazi. Ombi langu ni kwamba upunguze badala ya kukata: kutoka jioni nne hadi moja au mbili, na mechi ya Jumamosi ibaki. Mtoto aliyeondolewa kabisa hupoteza marafiki mwaka ule ule anaowahitaji kuliko mwingine wowote, na saa nyingi alizokuwa akicheza huishia kwenye simu. Tena nchi yenyewe imeiweka michezo ndani ya shule, kupitia mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Nimesikia vijana wakisimulia safari zao za Tabora, kwenye mashindano hayo ya mwaka 2022: kulala kwenye madarasa, kuoga kwa foleni, kubadilishana jezi na watoto wa mikoa ambayo waliijua kwenye ramani tu. Wengine bado wanapigiana simu.

Kama mwanao tayari yuko kwenye timu, nina ombi moja kwako kwa wiki hii. Nenda mazoezini, keti, ujifunze majina ya wenzake wote na nyumba wanazotoka. Wakaribishe nyumbani mara moja, hata kwa uji. Marafiki wa uwanjani hudumu pale ambapo watu wazima wamewafungulia mlango, wakaacha kuwa "wale watoto wa mpira". Mama yangu hakuijua hata sheria moja ya netiboli, lakini aliyajua majina yetu sote saba, na ya wale wa akiba.